Kwenda kwa mganga Pemba: mwongozo wa msafiri

Ukipita Kariakoo au Mwembe Tayari hukosi kuona karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "Mganga kutoka Pemba", namba ya simu, halafu orodha ya maajabu, kuanzia kumrudisha mume aliyekimbia hadi kushinda kesi mahakamani. Shuka bandarini Mkoani umuulizie mtu wa namna hiyo, utachekwa. Mganga anayeheshimiwa Pemba ni mzee wa kijiji, ana konde lake la mihogo na mikarafuu michache, majirani wanamjua yeye na babaake, na sifa zake zinatembea kwa midomo ya waliopita kwake.

Watu hufunga safari kumfuata kutoka Unguja, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, na wapo wanaokuja likizo kutoka Muscat kuwaona jamaa zao wakaona bora na hilo walimalize. Mwongozo huu ni wao. Kama uganga unaponya au hauponyi, kila mtu ana lake na sitaki ubishi huo hapa. Nazungumzia namna ya kwenda na kurudi ukiwa na afya yako, pesa zako na undugu wako. Kipimo changu ni kimoja tu, na nitakirudia: mganga mpime kwa yale anayoyakataa.

1. Jua unakwenda kwa nani

Waganga wa Pemba kazi zao ni mbalimbali, na ukigonga mlango usio wako utatibiwa maradhi usiyokuwa nayo.

Yupo wa kitabu. Huyu ni maalim, mara nyingi ndiye anayesomesha watoto chuoni, na kazi yake ni Kurani, dua na falaki. Atakusomea, atakuandikia kombe, yaani aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, au hirizi, atakutazamia nyota. Yupo wa miti, mwanamume au mwanamke, anayejua mizizi, magome na majani. Ukiwa na tumbo, ngozi au mambo ya uzazi, huyu ndiye wako, na kwa kawaida hana maneno mengi. Yupo fundi wa pepo, mwenye kilinge chake, yaani mahali pa shughuli zake, na watu wake, anayeshughulika na walioingiwa na pepo. Halafu wapo wakunga, wakandaji na wanaounga mifupa, ambao wenyewe hata hawajiiti waganga, na kwa maoni yangu nusu ya wasafiri wanaotafuta fundi wa pepo wangetosheka na mkandaji mzuri wa mgongo.

Mtu mmoja anaweza kuwa na kazi mbili. Lakini anayekwambia anazo zote, pamoja na kukuza biashara na kumfunga mpenzi mdomo, huyo ni wa nguzo ya umeme.

Kabla ya kukata tiketi, andika shida yako kwa sentensi moja. "Sipati usingizi tangu mama afariki" ni shida, na mtu mzima yeyote anaweza kuanza nayo. "Mambo yangu hayaendi" ni chungu kitupu. Mganga mjanja atakijaza anachotaka yeye.

2. Pita hospitali kwanza

Waganga wa zamani wenyewe husema hivyo, na swali la kwanza la mganga mzuri ni hili: umeshakwenda spitali? Wakakwambia nini? Asipouliza, mwambie wewe. Akipuuza, umeshapata jibu lako.

Kuna mambo ambayo hayasubiri boti wala mganga: upande mmoja wa mwili uliolegea ghafla, kifua kinachobana, mjamzito anayetoka damu, homa kali na shingo ngumu, na mtoto mwenye degedege. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu bado wapo wazee wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano anakufa, kwa hiyo anaanzwa kwa mganga mpaka muda unapita. Degedege mara nyingi ni homa tu, na huku kwetu homa hiyo inaweza kuwa malaria. Mtoto aende hospitali, dua isomwe njiani. Mkoani ipo Hospitali ya Abdalla Mzee, na Chake Chake na Wete zina hospitali zao.

Ukiwa na vipimo, vichukue. Ukiwa na dawa unazomeza, zibebe na makaratasi yake, kwa sababu utahitaji kumwonyesha mganga wa miti. Dawa ya presha, ya sukari, ya kuzuia damu isigande, ya kifafa, ya UKIMWI: hakuna inayosimamishwa kwa neno la mganga. Mwaka 2011 tuliona ya Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliorudi makwao wakatupa vidonge wakiamini kazi imekwisha. Babu alifariki Julai 2021. Bei yake naikumbuka kila ninaposikia mganga anataka mamilioni, na wale waliotupa vidonge nawakumbuka kila ninaposikia "dozi moja tu".

3. Tafuta mwenyeji, mganga atafuata

Usitafute mganga kwa dereva wa teksi bandarini. Atakupeleka kwa anayempa kamisheni. Usimuulizie kwa sauti barazani pia, maana Pemba ya leo ina watu wengi wanaoona hirizi na kombe ni ushirikina, na utaanzisha mjadala usiokuhusu mbele ya kahawa ya watu. Na tafadhali usianze na Popobawa, lile jini linalosemekana kuvamia watu usiku. Kile kizaazaa cha 1995 kilianzia hapa Pemba, na kila mgeni anadhani ni wa kwanza kukiuliza.

Njia ni mwenyeji: ndugu wa rafiki, mwalimu uliyesoma naye, mama mwenye nyumba uliyofikia. Mweleze kwa adabu kwamba una jambo la afya na unatafuta mtu wa kitabu, au wa miti. Halafu muulize maswali matatu. Nani katika familia yenu amewahi kutibiwa naye, na ilikuwaje? Huwa anatoza vipi? Amewahi kumrudisha mtu akamwambia hili si langu, nenda spitali? Ukipata "ndiyo" kwenye la tatu, huyo ndiye wa kumfuata hata kama anakaa mbali.

Ukilala nyumbani kwa mtu, mwenyeji wako amjulishe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Ni utaratibu wa kawaida Zanzibar, na unakusaidia: mgeni anayejulikana kwa sheha hachezewi ovyo.

Kuhusu usajili, afya si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na baraza lake. Zanzibar ina sheria yake na baraza lake chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha Pemba cheti cha Bara hajakuonyesha kitu. Wazee wengi wa vijijini hawana karatasi ukutani na bado ni watu wazuri, lakini anayeuza dawa kwa chupa zenye lebo dukani hana sababu ya kukosa.

4. Wakati na safari

Pemba unafika kwa boti kutoka Unguja, hadi Mkoani au Wete, au kwa ndege ndogo hadi uwanja wa Chake Chake. Zipo pia safari za baharini kutoka Tanga. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia wiki hiyohiyo, na kipindi cha upepo mkali wa kusi uwe na kidonge cha kichefuchefu. Mkondo wa Pemba hauna huruma.

Usiende Ramadhani ukitarajia mambo ya pepo. Watu wanaamini mashetani hufungwa mwezi huo, vilinge vinanyamaza, na fundi atakwambia urudi baada ya Idi. Maalim wa kitabu anaweza kukuona, lakini baada ya futari na tarawehe, akiwa amechoka. Ijumaa mchana achana nayo. Msimu wa karafuu nao, mganga anaweza kuwa shambani kama watu wengine, na hakuna aibu kumsubiri.

Panga kulala angalau siku tatu. Anayefika asubuhi na tiketi ya kurudi jioni anajiweka kwenye haraka, na haraka ni rafiki wa tapeli.

5. Cha kuvaa, cha kubeba, cha kulipa

Mwanamke avae gauni refu na mtandio, au ajifunge kanga juu ya nguo zake; mwanamume suruali ndefu na shati. Viatu unaviacha nje. Huna haja ya kujifanya Mwislamu kama si Mwislamu. Wapo maalim wanaowapokea watu wa dini zote, na wapo wasiotaka. Mwenyeji akuulizie kabla. Wengine hawataki mwanamke aliye katika siku zake aguse kitabu au aingie kilingeni, na hili pia liulizwe mapema ili usirudishwe mlangoni kwa fedheha.

Beba maji yako, daftari, wembe mpya uliofungwa, na pesa taslimu za noti ndogo. Benki ziko mjini, PBZ Chake Chake kwa mfano, lakini mganga wa kijijini umkute na mashine ya kadi? Simu ya pesa wengi wanayo.

Ada ijulikane kabla ya kukaa. Mwenyeji ndiye anayeuliza, wewe ukiuliza moja kwa moja unaweza kuonekana huna adabu, ila ukiwa peke yako sema tu, "Maalim, ada yako ni kiasi gani, nisije nikakosea?" Tenganisha mambo matatu: ada ya kutazamia, bei ya dawa, na bei ya shughuli yoyote itakayofuata. Mzee wa kweli mara nyingi anataka kidogo mwanzoni, na shukrani baadaye ukipata nafuu. Wapo wanaosema "toa ulichonacho". Toa cha heshima, usitoe cha kuonyesha kwamba umetoka Ulaya.

Jiwekee kikomo cha pesa kabla hujatoka chumbani na usikivuke. Kadi ya benki ibaki kwa mwenyeji.

6. Kikao chenyewe

Piga hodi, ngoja. "Asalamu alaikum" au "Shikamoo" kwa mzee, na usikimbilie shida. Utaulizwa ya safari, ya bahari, ya wazazi. Muite Maalim, Fundi au Bi, kama mwenyeji atakavyomwita. Kaa kwenye mkeka ukikunja miguu, nyayo zisimwelekee mtu. Usipige picha. Usirekodi. Simu izime kabisa.

Nenda na mtu, na mtu huyo aingie nawe ndani. Kwa mwanamke msafiri hii ni sharti, wala usione haya kulisema. Hakuna tiba inayohitaji mlango ufungwe mkiwa wawili, hakuna dawa inayohitaji mganga akuogeshe yeye, na hakuna jini anayetaka uvue nguo. Dawa ya kuoga unapewa kwenye kindoo, unakwenda nayo bafuni peke yako. Mganga akikataa mwenzako aingie, simama, muage, ondoka.

Kwa maalim wa kitabu kikao kitaanza na jina lako na la mamaako. Hapa kuna hesabu, na ni vizuri uijue. Tuseme unaitwa Ali na mamaako ni Maryamu. Kwa abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, ayn ni 70, lam 30, ya 10: Ali ni 110. Maryamu ni mim 40, ra 200, ya 10, mim 40: jumla 290. Ukichanganya unapata 400. Maalim anatoa 12 kila mara mpaka inabaki 4, na buruji, yaani nyota, ya nne, ukianzia Hamali, Thauri na Jauza, ni Saratani, ambayo asili yake ni maji. Kutoka hapo anafungua kitabu na kukusomea tabia ya nyota yako, maradhi yanayoiandama, siku nzuri na ubani wake.

Sasa fikiria. Kila Ali wa Maryamu, kuanzia Konde hadi Kangani, ana nyota hiyohiyo. Na Jackline, kwa kuwa jina lake halina herufi za asili za Kiarabu, akiandikwa na maalim wawili kwa tahajia mbili anaweza kutoka na nyota mbili. Hesabu haijui kazi yako wala ndoa yako. Yanayofuata baada yake ni mazungumzo, na mzee hodari wa mazungumzo anaweza kukusaidia sana kwa kukusikiliza tu. Sema shida yako ile ya sentensi moja, kisha nyamaza umwache aulize. Ukianza kumsimulia kila kitu, atakurudishia maneno yako mwenyewe na utatoka nje unasema "kaniambia yote!"

Wengine watapiga bao, yaani ramli. Utaona sinia ya mchanga, au karatasi na kalamu; anachora safu 16 za nukta bila kuzihesabu, halafu anaangalia kila safu ni witiri (inabaki moja) au shufwa (zinagawanyika kwa mbili), anapata sura nne za mwanzo ziitwazo mama, na hizo zinazaa nyingine. Ni ufundi wa zamani sana na unapendeza kuutazama. Muulize maana ya sura anayoisoma. Wengi hufurahi kueleza.

7. Dawa: nini ukubali, nini uulize

Kombe ndiyo dawa utakayokutana nayo zaidi. Maalim anachukua sahani nyeupe ya kauri, analowesha zafarani kwa marashi ya mawaridi, na kwa kijiti kilichochongwa anaandika aya kwa duara, mara nyingi Fatiha au Ayatul Kursi, mpaka sahani inajaa rangi ya machungwa. Inaachwa ikauke, inaoshwa kwa maji, maji yanaingia chupani, unakunywa kwa siku alizokupangia. Uliza mambo mawili tu: wino ni wa nini, na maji ni ya wapi. Zafarani ni ghali, kwa hiyo siku hizi wengi wanatumia rangi ya chakula. Hiyo haina neno. Lakini kama ni rangi ya kuchovyea ukili wa mikeka, usinywe, hata kama aliyeiandika ni mtu mwema. Maji mwambie atumie yale uliyokuja nayo wewe, hakuna atakayekasirika.

Mafusho ni ubani, udi, mvuje na vitu vingine juu ya makaa kwenye chetezo, wewe umejifunika shuka. Mwenye pumu aseme mapema na afukizwe kwa mbali, au aache. Mvuje unanuka vibaya na utakaa kwenye nguo zako mpaka ufike nyumbani, kwa hiyo vaa nguo usiyoipenda.

Majani ya kuoga, kama mkunazi, mrehani au kivumbasi, ndiyo salama kuliko yote na binafsi ningekubali hayo kabla ya kitu chochote cha kumeza.

Dawa ya kunywa ya mizizi ndiyo ya kuwa macho nayo. Uliza jina la mti, hata kwa Kipemba tu, na uandike. Uliza kipimo: kijiko, kikombe, mara ngapi, siku ngapi, na ukiona nini uache. Mganga wa miti anayejua kazi yake anajibu haya bila kufikiri, kwa sababu na yeye alifundishwa hivyo. Anayejibu "kunywa tu, utaona" hajui au hataki ujue. Mwarobaini, kwa mfano, unashusha sukari. Ukiunywa juu ya vidonge vya kisukari unaweza kuanguka. Mjamzito asimeze mizizi yoyote, ila kwa kumshirikisha daktari au mkunga wake. Na usichanganye dawa za waganga wawili tumboni.

Chale: wembe wako mpya, unafunguliwa mbele yako, unatumika kwako tu, unatupwa mbele yako. Bila hivyo, hapana. Mganga anayekataa kuchanja kwa wembe wa jana ni mganga.

8. Wakikwambia una pepo

Inaweza kutokea, hasa ukienda na kukosa usingizi, ndoto mbaya au mwili mzito. Pemba na Unguja pepo wana makabila. Ruhani ni wa Kiarabu, wasafi, wanataka nguo nyeupe, marashi na dhikri. Rubamba ndio wenyeji wa Pemba. Kibuki walitoka Bukini (Madagaska) na Komoro, na ngoma yao inataka brandi, jambo linalowashangaza wageni katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu. Kila kabila lina ngoma yake, nguo zake na chano chake cha vyakula.

Ukialikwa kutazama, ni heshima, kaa nyuma na ufuate unachoambiwa. Ukiambiwa ngoma ni yako, usikubali siku hiyo. Shughuli ya pepo ina wapigaji, wapishi, chano, mavazi na watu wa kilinge wanaokula siku nzima au zaidi, na gharama zake zinaweza kupita nauli yako mara nyingi. Kubwa zaidi, anayepungwa mara nyingi huingia ndani ya kilinge kama mwanafamilia: pepo atadai tena mwakani, na wenzako watatarajia uje kwenye shughuli zao. Kwa mtu wa Pemba huo ni undugu, una faida yake na msaada wake wakati wa shida. Kwa mtu anayerudi Leicester au Toronto wiki ijayo ni deni asiloweza kulilipa. Mwambie fundi, "Nimesikia, nitakwenda kushauriana na wazee wangu." Jibu hilo linaheshimiwa na halimfungi mtu.

Kama unasikia sauti, au mtu wako amebadilika akili ghafla, msikilize fundi ukitaka, lakini mwone na daktari wa akili. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, na kuna familia nyingi zinazotumia huko na kilingeni kwa pamoja bila kugombana na mtu.

9. Hapo unaondoka

Akikutajia jina la mtu aliyekuroga, au akikueleza sura yake mpaka ukamjua, umefika mwisho wa ziara yako. Hii ndiyo ramli chonganishi. Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku Januari 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, na vikongwe wameuawa vijijini kwa maneno ya namna hiyo. Hata pasipo damu, utarudi nyumbani ukimtazama shangazi yako kwa jicho jingine, na hakuna kombe linaloosha hilo. Mzee mmoja wa Micheweni nilimsikia akimjibu mteja aliyembana ataje mtu: "Mimi natibu ugonjwa, sitibu majirani." Mtafute wa namna hiyo.

Ondoka pia akitaka nywele au nguo ya mtu mwingine, akikwambia pesa zako zinahitaji kusafishwa, au akianza kupandisha bei kwa kukutisha kwamba usipomaliza leo utakufa. Usibishane. Lipa ada ya kutazamia mliyopatana, shukuru, nenda. Ukishatishwa, mweleze mwenyeji, naye atajua kama ni la sheha au la polisi.

10. Kurudi na ulichopewa

Chupa ya kombe inayozidi mililita 100 haipiti kwenye begi la mkononi kwa safari za nje. Iweke kwenye begi kubwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Mizizi, magome na mbegu vinaweza kukamatwa na watu wa karantini wa mimea, na Ulaya na Marekani wako wakali. Kwa wanaorudi Ghuba ni zaidi ya kunyang'anywa: Saudia na Falme za Kiarabu uchawi ni kosa la jinai, na afisa wa forodha haitofautishi hirizi ya dua na kitu kingine. Usipite nayo. Mwambie maalim tangu mwanzo kwamba unasafiri, akusomee badala ya kukuandikia. Kisomo hakikaguliwi na mashine.

Dawa ya kunywa ianze ukiwa bado Pemba au Unguja, usiianze usiku wa kuamkia safari. Ukitapika mfululizo, macho yakiwa ya njano, mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, au ukivimba midomo, acha hapohapo na uende hospitali na mabaki ya dawa pamoja na lile daftari lenye jina la mti. Mwambie daktari ukweli. Wa Zanzibar wameshasikia yote, hawatakushangaa. Wa mbali anaweza kukunja uso, mwache akunje, mradi dawa aione.